Si Mimi Niliyekurudisha

Zuzu, Dodoma
Jumapili mchana

Dada Hadija,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini salamu yako siwezi kukunyima. Mama anaendeleaje na miguu? Watoto wamepona kikohozi? Huku ni upepo na vumbi, na mahindi ya shamba la shule yamekauka kabla ya kubeba. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio unaochemka.

Wiki ya tatu sasa simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii nampa dereva wa basi la Kondoa anayemfahamu Mama, aikabidhi mkononi mwako. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya kuichana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi. Ulisema umewasomea kitabu changu wanawake wanaokuja kushonesha kwako, sura moja kila siku, nao wakakutuma uniulize: mwalimu anapata wapi nafasi ya kuandika kitabu kizima? Nilikipeleka wapi mpaka kikachapwa? Na yule Salma wa kwenye hadithi ni mtu wa kweli? Halafu sauti yako ikabadilika. "Na mimi ninalo langu. Kwa nini umenirudisha kwa yule mwanamume?" Ukakata.

Sikuelewa, dada. Salma niliyemwandika hakurudi popote. Tangu kitabu kitoke nilikuwa sijakisoma. Niliishia kupapasa jalada lenye jina langu, maana ya ndani nilidhani nayajua yote. Nikafungua sura ya mwisho. Nikamkuta Salma amepiga magoti kwenye kizingiti cha mumewe, anaomba radhi kwa kuondoka. Taya alilovunjwa halitajwi tena. Mume ndiye anayesamehe! Kisha wanachinja mbuzi. Nilikaa sakafuni kwa hasira.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja. Mwezi uliopita chuo kimoja cha mjini kilinialika kuzungumza na wasomaji, na yule mzee akanishika mkono kwa furaha. "Umetusaidia sana, mwalimu. Wanawake wa siku hizi hawana uvumilivu." Nilicheka moyoni nikidhani hajakisoma. Kumbe alikisoma kuliko mimi.

Kesho yake baada ya kuisoma sura ile niliomba ruhusa shuleni, nikaenda mjini kwa mchapishaji. Mhariri wake, mtu mpole wa maneno laini, alinimiminia chai. Sikuigusa.

"Nani ameandika sura hii?"

"Tulikuboreshea tu, mwalimu. Tunataka kitabu kiingie shuleni. Lazima kiwe na maadili."

"Mwanamke avunjwe taya, halafu yeye ndiye aombe radhi. Hayo ndiyo maadili?"

"Punguza sauti, mwalimu. Hii ni hadithi tu."

"Nakuuliza, nani ameandika?"

"Mimi. Niliimaliza jioni moja."

Jioni moja! Waambie wanawake wako mimi kilinichukua miaka minne. Nafasi hakuna anayekupa. Niliandika kwenye madaftari, Jumamosi mchana, nikishamaliza kusahihisha mitihani ya watoto wa watu. Sura ile niliiandika upya mara tisa, nikitafuta namna ya kusema ulivyotoka kwenye ile nyumba umejitwika cherehani kichwani, wanao wawili wanakufuata, na hukugeuka. Yeye akaifuta kwa jioni moja, kisha ananimiminia chai.

La kuchapisha, wajibu hivi. Nilipeleka mswada kwa huyo mchapishaji, nikangoja zaidi ya mwaka. Siku waliyoniita kwenye mkataba nilifurahi mno, nikatia sahihi bila kusoma. Kumbe ndani mna kipengele kinachomruhusu mhariri kubadilisha bila kuniuliza. Alinionyesha kwa kidole, na sahihi yangu iko pale chini, tena nimeipamba. Anayetaka kitabu chake kichapwe asome mkataba mstari kwa mstari, na asipoelewa amtafute anayeelewa. Mimi nawafundisha watoto kusoma, na sikusoma. Kwa hiyo hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe.

Ila pale pale nilisoma mpaka mwisho, nikaona mkataba ule ni wa toleo la kwanza tu. Karatasi za toleo la pili zilikuwa mezani zinanisubiri. Nikamwambia, "Rudisha sura yangu, nitasaini sasa hivi."

"Haiwezekani. Shule zimeshakipenda kilivyo."

"Basi sisaini."

"Utabaki na kitabu kilichokufa," akasema, safari hii bila upole wowote.

Nikaziacha karatasi pale pale, nikatembea mpaka stendi nikilia waziwazi, watu wakinitazama. Kitabu hakitachapwa tena. Kinaniuma, lakini sijutii.

Limebaki la Salma, na hapa nimekaa na kalamu muda mrefu. Kule ofisini neno nililolirudia kwa kelele lilikuwa, "Hukuniuliza! Hukuniuliza!" Nilipofika nyumbani, nikiwa nanawa vumbi usoni, neno hilo likanigeukia. Wewe nilikuuliza lini? Nilichukua taya lako, cherehani yako, na wale wazee waliokuja mara tatu kukusuluhisha ukawakatalia, nikayaandika kama mali yangu. Ukaja kuyakuta ukisoma kwa sauti mbele ya watu. Mhariri alikuibia mwisho. Mwanzo na katikati nilikuibia mimi. Nisamehe, dada yangu. Wanawake wakiuliza kama Salma ni mtu wa kweli, hilo si langu kujibu.

Nisalimie sana Mama, na baba mdogo aliyekupa kiwanja cha kujengea kibanda chako cha kushonea. Wasalimie wanao, waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Na hao wanawake wa kibandani, wote, pamoja na yule bibi uliyesema anadakia kila sentensi.

Pamoja na barua hii nimekunja sura ya mwisho kama nilivyoiandika. Isome peke yako kwanza. Penye uongo, futa. Pasipokupendeza, futa pia, hata kama ni kweli. Sitaipeleka kwa mchapishaji yeyote mpaka wewe uniambie ipelekwe, na ukiniambia isipelekwe, sitakuuliza kwa nini.

Mdogo wako,
Mwanaidi