Maji ya Zamu Yangu

Ijumaa, 2 Februari 1979

Nizwa nzima hakuna Muislamu anayeijua dini ya Kikristo kama mimi. Nilisoma kwa mapadri Unguja miaka saba, na sakramenti zao zote saba nazijua kwa moyo.

Haya, uongo. Sikusoma. Nilikuwa nikipeleka maziwa mlango wa nyuma kwa mapadri, na mpishi wao akinihadithia huku akiyapima. Na hizo saba nimejaribu kuzihesabu leo nikinyoa ndevu: ubatizo, kipaimara, komunyo, kitubio, ndoa, upadre — ya saba imenikimbia. Lakini hapa nyumbani nani atanikamata? Azza, binti yangu, hajui hata moja.

Walionikumbusha hayo ni wapangaji wangu wa juu. Mwalimu Kuruvilla ni Mhindi wa Kerala, anasomesha Kiingereza skuli ya wavulana. Alisomesha Tanganyika miaka mingi, Kiswahili chake cha bara, kimepigwa pasi. Mkewe Ermelinda ni Mgoa wetu wa Unguja. Baba yake ndiye aliyenishonea koti la harusi. Ermelinda ana mimba ya miezi saba. Wote Wakristo, lakini kila mmoja na njia yake. Mke Mkatoliki. Mume ni wa hawa wanaozamisha watu.

Leo wamemzamisha mmoja. Mwalimu aliniomba birika kubwa la bustani yangu, lile la saruji tunalolijaza maji ya falaji, mfereji wa mji tunaogawana kwa zamu. Zamu yangu ya maji ni Ijumaa asubuhi. Nikampa. Wakaja watu sita, wote wa kwao, wakaimba kwa sauti ya chini jirani asisikie. Aliyezamishwa ni fundi wa magari, mtu mzima. Alizama mwili wote, kitambi kikachelewa. Miye nyuma ya mtende najiuma mdomo nisicheke. Kisha akaibuka analia, na hamu ya kucheka ikaniondoka. Sijui kwa nini.

Mwalimu akaja, kalowa mpaka kifuani, akasema: Mzee, nimechukua zamu yako nzima, mitende imekosa maji. Nikurudishie nini? Nikamwambia sitaki kitu, lakini fadhila yangu iko kwako. Siku nikiihitaji nitaiomba. Akacheka, akanipa mkono.

Jumapili, 4 Februari

Wanagombana. Dari yangu ni magogo ya mitende na udongo, hata kikohozi kinapita. Huanza kwa Kiingereza. Wakikasirika kweli hurudi kwenye Kiswahili, maana ndicho walichochumbiana nacho Dar es Salaam. Hapo nami nafaidi.

Ugomvi ni wa mtoto atakayezaliwa. Ermelinda ataka abatizwe akiwa mchanga.

"Mtoto mchanga anaamini ziwa la mama yake tu," mwalimu anasema. "Abatizwe vipi mtu ambaye hajaamini?"

"Imani ni ya kwangu na ya kanisa. Yeye anapewa. Wewe hukupewa jina kabla hujajua kusema?"

"Yesu aliagiza mambo mawili, Linda. Maji na meza yake. Hayo mengine matano mmeyaokota wapi?"

"Tumeyaokota. Na ndoa yetu pia ya kuokota?"

Hapo mwalimu kajikwaa. Kwa mke, ndoa ni moja katika zile saba, Mungu mwenyewe kawafunga. Kwa mume ni jambo tukufu, waliahidiana mbele ya Mungu, lakini sakramenti si. Mtu angesema ni yale yale. Mlango ulivyobamizwa, vumbi la dari likanijaa kwenye kahawa.

Baadaye nikapanda na mkate, nipooze mambo. Nikauliza: huu kwenu hugeuka, au hukumbusha tu? Mume akasema kwao ni ukumbusho. Mke akasema kwao ni mwili wa Yesu hasa. Nikasema huu wa duka la Musallam haujageuka tangu Alkhamisi. Nilicheka peke yangu.

Jumanne, 6 Februari

Ermelinda kajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike. Wamemtia kwenye kisanduku cha kioo hospitali. Azza kamwona, anasema mkono wake wote unaingia ndani ya pete. Daktari kasema tungojee. Sikulipenda neno hilo.

Padri yuko Maskati. Huja huku mara moja kwa mwezi, na wiki iliyopita alikuja.

Mimi ningemwadhinia sikioni, khalas. Lakini si wangu.

Jumatano, 7 Februari

Nimekwenda hospitali na Azza, tumebeba uji. Ermelinda kageukia ukutani. Azza alipotoka kuosha bakuli, akanishika mkono.

Kumbe jana mumewe kamwapisha. Asimtie mtoto maji kwa mkono wake, wala asimwite Mkristo yeyote kumtia, mpaka mtoto akue achague mwenyewe. Kaapa, kashika rozari. "Alikuwa analia, Babu Marhun. Nikamhurumia. Sasa najihurumia mimi."

Kisha akasema polepole, kwao wao mtoto akiwa mahututi na padri hayupo, mtu yeyote anaweza kubatiza. Maji kidogo kichwani, na maneno yake, na kukusudia lile linalokusudiwa na kanisa. Hata asiyekuwa Mkristo.

"Hata nani?"

"Hata wewe. Niliapa Mkristo. Wewe si Mkristo."

"Mwanangu, wewe ungekuwa kadhi."

Akatabasamu, kisha akalia. Amefundishwa kwamba mtoto akifa bila maji hatauona uso wa Mungu. Kwetu sisi mtoto huzaliwa safi, hana hesabu. Nilitaka kumwambia. Lakini mama aliye katika hali ile humpi dini yako. Humpa uji. Nikampa uji.

Sikumjibu ndiyo wala la.

Alkhamisi, 8 Februari

Maji si kitu. Maneno ndiyo shida: Baba, na Mwana, na Roho. Ulimi wangu tangu chuo cha Kurani umefundishwa kinyume cha maneno hayo. Mimi huwafanyia mzaha hata masheikh, lakini hapa mzaha umenikataa.

Na huko kukusudia. Nikimwaga maji kwa kumridhisha tu, nimemdanganya mama mgonjwa. Nikikusudia kweli, mimi ni nani tena?

Azza kanisoma usoni. "Baba, ukimtia maji mtoto wa watu, kesho utaingia msikitini kwa mlango gani?"

"Ule ule. Kizingiti chake kibovu."

"Nakuuliza kweli."

"Kweli sijui, Azza."

Baada ya alasiri mwalimu kashuka, kakaa mkekani. Hakunywa kahawa.

"Mzee, mke wangu amekuomba kitu?"

"Kaomba uji utiwe iliki."

Akanitazama sana. "Mnafikiri sina huruma. Ninaamini yule mtoto ni wa Mungu tayari. Nikikubali, ni kama kusema Mungu angemtupa kwa kukosa kopo la maji."

Maneno mazuri. Ya mkewe nayo mazuri. Hiyo ndiyo balaa.

Ijumaa, 9 Februari

Naandika hospitali, juu ya goti. Wametuita asubuhi. Mtoto kabadilika rangi.

Leo zamu yangu. Maji ya falaji yanapita bustanini, hakuna wa kuyafungulia. Mitende wiki ya pili kavu. Acha.

Ya saba nimeikumbuka: kuwapaka mafuta wagonjwa. Imenijia nilipoingia tu mlangoni hapa.

Ermelinda kaletwa kwa kiti cha magurudumu. Mikono kaificha chini ya shuka, kaikalia kabisa. Mumewe kasimama upande wa pili. Kisanduku katikati yao. Mezani pana kopo la maji la nesi.

Ermelinda akanitazama. Nikatikisa kichwa. Siwezi, mwanangu. Akafumba macho.

Nikamwendea mumewe.

"Mwalimu, ile fadhila yangu naitaka leo."

"Mzee, si wakati wa utani."

"Utani nimeuacha nyumbani. Ijumaa ile ulichukua zamu yangu yote. Sikujiuliza kama naliamini jambo lako. Nilikufungulia maji."

Akamtazama mtoto.

"Mfungulie mkeo kiapo chake. Wewe huna haja ya kuamini. Tazama dirishani tu."

Hakutazama dirishani. Anatazama kopo. Nesi kaingia, kamwinamia mtoto, katoka mbio kumwita daktari. Ermelinda hajatoa mikono. Miye nimerudi bencini, naandika nipate pa kuweka macho.

Nimemwambia mwalimu tena, taratibu: nirudishie kopo moja tu, mwanangu. Zamu nzima siitaki.