Mtani, Nilipigilia Vigingi Kabla ya Salamu

Mtani wangu Rajabu,

Leo ni Jumapili, saa nne asubuhi, nimekaa kibarazani nyumbani Mkuza, hapa Kibaha. Nimefungua daftari kama kawaida yangu, nikaandika siku na saa, halafu nikaona haya niliyonayo siwezi kujiandikia mwenyewe. Nakuandikia wewe. Usicheke.

Nianze na mazishi, maana hukuyaona. Tulikuzika kwenu Kisarawe, nyuma ya mikorosho ya baba yako. Nilifanya kazi yangu ya utani. Nilivaa kofia yako ya kazini, nikakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, nikashika ungo kama usukani, nikawa nakata kona na kupiga honi, nikisema kwa sauti yako, "Mnyamwezi, shuka ubebe mzigo, gari halipandi mlima huu!" Watu walicheka. Mkeo, Mama Zuhura, alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akaanza kulia upya. Wajomba zako wakasema mtani kafanya kazi yake. Lakini Rajabu, nilipoivua ile kofia ndipo nilipojua kwamba umekufa. Kabla ya hapo nilikuwa na shughuli.

Sasa ni mwezi wa nne. Gari lako la ofisi amepewa dereva mwingine, mtu mzuri, ila anafunga breki kama anayeua nyoka. Kwangu masijala mambo ni yaleyale, mafaili yanaingia na kutoka. Zuhura ameanza kidato cha kwanza na ana mwandiko mbaya kama wako.

Nimekuwa nikisoma madaftari yangu ya safari zetu. Ofisini walidhani tuna wanawake huko. Watu wazima wawili, wenye nyumba na vitanda, Jumamosi wanabeba hema kwenda kulala porini! Wewe ulijifunza kazini, miaka ile ya kuwapeleka wakubwa vijijini ambako hakuna nyumba ya wageni. Uliniambia, "Maganga, Kibaha tumebanana mno. Ukikohoa, jirani anakwambia pole." Mara ya kwanza nilikufuata kwa adabu tu. Mara ya pili nilinunua viatu.

Hakuna mtu niliyewahi kumwona akisoma ardhi kama wewe. Mimi nilikuwa na ramani ya simu, wewe ulikuwa na pua. Ulisimama, ukavuta hewa, ukasema hapa kuna tanuri la mkaa, twende mbele. Hukukubali kulala karibu na maji hata yangekuwa mazuri namna gani. Ulisema maji yana wenyewe, wa miguu miwili na wa miguu minne, na wote huja kabla hujaamka. Hukulala kwenye njia ya ng'ombe, wala chini ya mti wenye tawi kavu, wala ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali. Uliokota kijiti ukafukua udongo kutafuta siafu, taratibu, kama daktari anayebonyeza tumbo la mgonjwa. Na ile ya jogoo! Uliniambia tukimsikia vizuri bado tuko uani kwa mtu, tusipomsikia kabisa tumekwenda mbali na msaada. Mahali penyewe ni pale jogoo anasikika kama anawika ndani ya mtungi. Niliandika maneno hayo palepale, nimesimama, na mzigo mgongoni.

Yote nimeyaandika: hatua ngapi kutoka barabarani, upepo unatoka wapi, jua linapiga upande gani asubuhi. Jambo moja tu sikuliandika vizuri. Kila tulipofika, kabla ya hema, ulikwenda kwanza kwa watu. Ulikaa kwenye mkeka, ukauliza hali za wagonjwa, ukakaribishwa muhogo, ukala. Mimi nilitazama saa. Katika daftari la safari yetu ya tatu kule Gwata nimeandika hivi: "Saa mbili zimepotea kwa mazungumzo." Nimeisoma sentensi hiyo juzi nikaona aibu.

Sasa nikueleze nililofanya.

Wiki ya nne baada ya arobaini yako nilisema niende Gwata peke yangu, pale petu, kwenye kile kimwinuko chenye mininga miwili. Nilishuka kwenye bodaboda kabla ya kitongoji, nikakata porini ili nisipite kwenye nyumba. Nikikwambia nilikuwa nawahi jua nitakuwa nakudanganya. Niliogopa Bi Mwanaidi, yule mwenyeji wako wa mkeka na muhogo, ataniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Sikutaka kulisema neno lile kwa mdomo wangu, mbele ya watu waliokuzoea. Basi nikapita pembeni kama mwizi.

Nikafika, nikapima hatua zangu, nikaandika kwenye daftari, nikaanza kupigilia vigingi. Hujui hali ya huko sasa, mtani. Wapimaji wa viwanja wameshafika mpaka vijiji vya jirani, na watu wameamka asubuhi wakakuta mawe ya mipaka katikati ya mihogo yao. Nao wanamwona mtu peke yake, ana daftari, anahesabu hatua, anapigilia vigingi ardhini.

Walikuja kama kumi. Mbele alikuwa Bi Mwanaidi, mwenyekiti wao wa kitongoji, na jembe begani. Hakunikaribisha. Akauliza, "Nani kakutuma kupima hapa?"

Na mimi, Rajabu, kwa hofu nikaleta utani. Utani wetu, ule niliokuwa nakurushia wewe kila siku. Nikasema, "Tulieni watani. Wazaramo shamba mlishauza zamani mkaenda kucheza ngoma, sasa mnalilia nini?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja aling'oa kigingi cha kwanza, akakitupa miguuni pangu. Bi Mwanaidi akasema polepole, "Kumbe ndiyo kazi yenu. Na yule dereva naye alikuwa anakula muhogo wetu huku anatupeleleza. Mwambie asikanyage tena hapa."

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, Rajabu amefariki. Yalikataa kutoka. Nikakunja hema, nikatembea mpaka barabarani wakiwa nyuma yangu, na jina lako nikaliacha kule limechafuka.

Nilikaa wiki tatu bila kuandika kitu, mimi ambaye naandika hata siku niliyokata kucha. Nilikuwa naingia masijala na kulisikia neno lile, "anatupeleleza". Mtu uliyekataa hata kuokota embe lililolala njiani mpaka upate mwenyewe! Nilifikiri nikawasomee madaftari yote, siku kwa siku, waone hatukuwa wapimaji. Nikayafungua, na kila ukurasa nikakuta hatua, mteremko, umbali wa maji, umbali wa barabara. Kwa daftari langu hata mimi ningekufunga.

Jana nilikwenda. Sikubeba hema wala daftari. Nilishuka mwanzo wa kitongoji, nikapiga hodi nyumba ya kwanza, nikasalimia, nikapita nyumba ya pili, mpaka kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa anapepeta choroko. Nikamwamkia shikamoo, ingawa nadhani tunalingana. Hakuitikia marahaba. Alisema, "Leo umeleta mawe ya mipaka?"

Nikasema, "Nimeleta taarifa ya msiba. Rajabu amefariki. Leo ni mwezi wa nne."

Aliweka ungo chini. Akafoka, na ukali wake ulikuwa mwingine kabisa. "Miezi minne! Mtu amekula kwetu, amemwombea mama yangu siku anakata roho, anazikwa kama hana watu? Gwata na Kisarawe kuna bahari katikati? Tungekuja!"

Nikamwambia nilishindwa kulitamka, ndiyo maana siku ile nilikata porini. Nikamwomba anilaumu mimi, asikuweke wewe katika vigingi vyangu. Akajibu, "Rajabu tunamjua. Wa kushukiwa ulikuwa wewe. Umekuja hapa mara ngapi, unakaa nyuma yake unatazama saa, hata jina la baba yako hatulijui. Yale ya dereva niliyasema kwa hasira, nimeyasema vibaya, Mungu anisamehe."

Kisha akawaita watu. Walikuja walewale, na yule aliyeng'oa kigingi, anaitwa Shomari, alikuja na mkeka begani. Wakakusomea dua. Mimi Mkristo nilikaa nao nimeinamisha kichwa. Baada ya dua wakaanza kukusema, na ndipo nilipojua mambo ambayo sikuyaandika kwa sababu nilikuwa natazama saa. Kwamba Shomari ulimfundisha kuendesha, mkiwa mmekaa kwenye gogo, gari likiwa halipo. Kwamba mama yake Bi Mwanaidi alikuwa anakuwekea kipande cha muhogo kila Jumamosi, uje usije. Niliwahi kuandika kwamba wewe ni hodari wa kutafuta mahali pasipo na watu. Nilikosea, mtani. Ulikuwa hodari wa watu, nao ndio waliokuachia mahali.

Waliniuliza jina la baba yangu. Nikawatajia, na la babu, na kijiji chetu kule Tabora, na nikaeleza tumefikaje Kibaha. Shomari akasema, "Kumbe Mnyamwezi! Sasa ule utani wako nimeuelewa, ila mtani, siku nyingine anza na hodi." Wakacheka. Nikacheka nao, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Sikulala kule jana. Hawakunikataza, mimi ndiye niliyeona si siku yake. Shomari alinisindikiza mpaka kwenye mininga nipaone. Alikuwa ameyaziba matundu ya vigingi vyangu kwa mguu, huwezi kujua palikuwa na kitu.

Bi Mwanaidi ana neno moja nawe. Anataka kumpa Mama Zuhura mkono wa pole, uso kwa uso, na anasema pole ya kutumwa haiwatoshi. Nimeshapita kwa mkeo jana hiyohiyo nikamweleza. Aliuliza kama kuna njia, na kama wale watu wanapenda nazi, kwa kuwa hawezi kwenda mikono mitupu.

Basi lala, Rajabu, Mungu akupe nafasi na utulivu. Shule zikifungwa nitampeleka yeye na watoto Gwata. Tutashuka mwanzo wa kitongoji, na nitawatambulisha nyumba kwa nyumba, hata ikichukua siku nzima.

Mtani wako,
Maganga