Kikohozi Katikati ya Sala

Kuroura, 4 Oktoba

Mwanangu Yasuaki,

Hujambo huko Fukuoka? Baridi imeshaanza? Mimi sijambo, ila koo. Viazi vitamu tumevichemsha, tumevikata na kuvianika; kunguru wawili wanavikagua kila asubuhi zaidi kuliko mimi mwenyewe. Jirani yetu Bibi Fude anakusalimu. Anauliza kama umeoa. Nimemwambia swali hilo mwaka huu nimechoka kulijibu.

Naandika kwa sababu kwenye simu wewe hunisikii, nami sikusikii, tunabaki kupigiana kelele kama majirani wanaogombea mpaka.

Nilivuka kwa feri kwenda hospitali ya mjini. Daktari, kijana wa rika lako, alinipitisha kamera puani akanionyesha uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Anasema mionzi haitatosha. Ataondoa kisanduku chote cha sauti. Nitaishi, nitakula wali, nitalima. Kusema ndiko kutakwisha. Alitaka kunilaza Novemba. Nimemwambia nitakuja baada ya Pasaka.

Sababu unaijua. Sala Ndefu hufundishwa katika Siku za Huzuni tu, zile wiki za kabla ya Pasaka, na haiandikwi. Ndivyo nilivyofundishwa na babu yako, naye na baba yake, tangu enzi ambazo Ukristo ulipigwa marufuku nchini na kuiandika kulikuwa kujiandikia hukumu ya kifo. Ninayeijua yote nimebaki mimi. Bibi Fude ana miaka tisini na tatu na anataka kusindikizwa nayo akifa. Njoo Machi ujifunze. Lete soksi nene.

Ni mimi baba yako,
Sakuzo

*

Fukuoka, 11 Oktoba

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Barua imefika pamoja na furushi la viazi, asante. Barua nimeisoma mara mbili nikidhani nimeruka mahali. Uvimbe wa kooni umeuweka baada ya kunguru na kabla ya soksi.

Baba, nenda ukapasuliwe.

Mimi siamini, na wewe unalijua hilo tangu nikiwa na miaka kumi na sita, nilipokataa kupiga magoti ukaninyima chakula. Baadaye ukaniletea bakuli mwenyewe, ukasema ni mabaki ya paka. Hatukuwa na paka.

Hebu tuseme ukweli. Maneno ya Sala Ndefu hakuna anayeyaelewa. Ni Kireno kilichochakaa na Kilatini kilichomomonyoka, vimetafunwa na wakulima vizazi kumi wakinong'ona nyuma ya milango iliyofungwa. Mapadri waliporudi nchini na kuisikia, walisema ina makosa kila mstari. Hujui unasema nini. Hujui unamwambia nani. Na kwa ajili ya hiyo unataka uvimbe ukungoje mpaka Pasaka, kana kwamba umepewa ahadi.

Nani anasikiliza, baba? Nijibu hilo moja, halafu tuzungumzie soksi.

Mwanao,
Yasuaki

*

Kuroura, 20 Oktoba

Yasuaki,

Natumaini u mzima, maana barua yako ilikuwa na homa.

Sikukuuliza kama unaamini. Nilikuuliza kama utakuja Machi.

Kuhusu mapadri: waliposema tuna makosa, babu wa babu yako aliwauliza, "Na nyinyi mlikuwa wapi wakati wote huo?" Basi wao wakajenga kanisa lao kule juu, sisi tukabaki na makosa yetu huku chini.

Kuhusu maneno usiyoyaelewa: Obon iliyopita, ulipokuja kuwakumbuka wafu wetu, uliniambia kwamba kazini kwako una karatasi ya maneno. Mtu anapiga simu, maji yake ya kuoga hayapati moto, wewe unamsomea, "Tunasikitika kutoka moyoni." Unasikitika? Siku nzima unasema maneno usiyoyaamini, unawaambia watu wasiokuamini wewe. Mimi nakuomba uongeze mengine kidogo, tena haya hayamkasirishi mtu.

Unauliza nani anasikiliza. Sijui. Mama yako alipokuwa akifa niliomba kwa maneno yangu mwenyewe, usiku na mchana, na hakuna aliyejibu. Alipokata roho nilimsomea Sala Ndefu kutoka mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza nikajua la kufanya na mikono yangu. Nikamfunga kidevu, nikachemsha maji. Wanaume wengine niliowaona katika hali ile walisimama tu mlangoni. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu Mungu. Zaidi ya hapo kaulize juu kule kanisani.

Machi.

Baba yako,
Sakuzo

*

Fukuoka, 2 Novemba

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Wewe si mzima, na nina ushahidi: nimempigia daktari wako. Alisema ukingoja hadi Pasaka uvimbe utakuwa umeshaingia shingoni, na hapo hatatoa sauti peke yake. Akaniuliza, "Mzee anangoja nini hasa?" Nikashindwa kumweleza. Nilisema ni shughuli za kifamilia. Akasema, "Ah, shamba." Nikasema ndiyo, shamba.

La kazi yangu umenipiga pabaya, kwa hiyo nitalijibu. Ni kweli. Asubuhi naamka, nakwenda kwa sababu treni inakwenda. Jioni narudi kwa sababu inarudi. Wenzangu wengine wana watoto, mmoja anafuga samaki wa rangi, anawaita kwa majina. Mimi sina ninachoweza kukuonyesha nikasema, hiki hapa. Lakini mtu kukosa sababu ya kuamka si hoja ya kumwacha baba yake afe kwa ukaidi.

Sasa nisikilize. Nitakuja. Nitajifunza yote, na kutoamini kwangu nitakuja nako, ukutafutie mahali pa kukaa. Ila si Machi. Nitakuja wiki hii ukitaka. Au kama sheria ni sheria, isome kwenye simu yangu, dakika arobaini, tumalize, uende ukapasuliwe. Kuirekodi si kuiandika.

Nijibu kwa feri ya kwanza.

Mwanao,
Yasuaki

*

Kuroura, 29 Novemba

Yasuaki,

Hujambo. Mimi bado napumua. Sikujibu kwa sababu nilikasirika, na karatasi ni ghali kuichana kila siku.

Kurekodi, hapana. Mashine haizeeki, kwa hiyo haitafuti mrithi. Ikishaingia humo hakuna atakayekuja kujifunza. Kila mtu atasema ipo.

Hilo la pili, la kuja kabla ya wakati, nilikwenda kumshtakia Bibi Fude. Nilimsomea barua yako kwa sauti iliyobaki. Nilitarajia anipe haki. Alikuwa anamenya machungwa, hakuinua kichwa.

Akasema, "Unajua kwa nini tunafundisha Siku za Huzuni tu?"

"Kwa heshima ya mateso ya Bwana."

"Heshima, sawa. Na bahari. Bibi yangu alikuwa akisema majira yale upepo ni mkali, mashua ya wakaguzi wa serikali waliowasaka Wakristo haiwezi kufika ufukweni. Mtu aliweza kusema kwa sauti nyumbani kwake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo toka nje utazame bahari, mpumbavu wewe, kisha urudi uniambie ni mkaguzi gani anakuja."

Nilimwambia sheria haivunjwi kwa ajili ya koo la mtu mmoja. Akanitupia ganda la chungwa.

"Sakuzo, maiti mwenyewe ni mimi. Nikisema fundisha, fundisha."

Nimebishana naye tangu wakati huo kila siku, na kila siku nimeshindwa, na sasa hata sauti ya kubishana inakwisha. Daktari ameniwekea siku mwishoni mwa Januari. Omba likizo uje Desemba. Ukiulizwa, sema ni shamba.

Mashine yako iache huko. Soksi usisahau.

Baba yako,
Sakuzo

*

Fukuoka, 3 Machi

Baba, shikamoo.

Naamini unaendelea vizuri. Nesi amenipigia, anasema kidonda kinafunga na kwamba umemwandikia kwenye ubao kuwa uji hauna chumvi. Nimemwambia hiyo ndiyo dalili ya kupona. Mimi mzima, magoti tu. Kukalia visigino Desemba nzima hadi miguu inakufa, na wewe mbele yangu na kijiti cha kulia wali, kila nikikosea ta! juu ya meza, "Rudia." Sikuwahi kukusikia ukisema neno hilo moja mara nyingi vile. Sasa nagundua kwamba karibu ndilo la mwisho uliloniambia.

Nakereka, baba, na nataka ujue unachonifanyia. Sala Ndefu naisema kwenye ngazi za ofisi. Naisema kwenye treni bila kufungua mdomo. Juzi mama mmoja alihama kiti. Jana mteja alinitukana mimi na ukoo mzima kwa sababu ya mtambo wake wa maji moto. Nikamweka kwenye muziki wa kusubiri, nikaisema hadi mwisho wa kifungu cha kwanza. Niliporudi yeye bado ana hasira, mimi sina. Nikamwuliza maji yake yamekatika tangu lini, na nikataka kweli kujua. Nilisahau kumsomea kwamba tunasikitika. Msimamizi amenipa onyo.

Usifurahi. Siamini. Sioni kwamba kuna mtu upande wa pili wa simu hiyo. Ila nikiamka lazima niiseme kabla ya chai, la sivyo itanipotea, na ikinipotea imekwisha duniani. Kwa hiyo sasa naamka kwa sababu hiyo. Ni sababu ya kijinga na sikuichagua. Mwenzangu ana samaki.

Kula uji.

Mwanao,
Yasuaki

*

Kuroura, 19 Mei

Mwanangu Yasuaki,

Hujambo? Ulifika salama? Mimi sijambo. Napumua kwa tundu la shingoni na nimepanda viazi. Huku kila mtu ananionea huruma isipokuwa kunguru.

Asante kwa kuja siku ileile tuliyokuita. Tulimsindikiza marehemu Bibi Fude vizuri. Mtawa wa hekalu la Kibudha alikuwa chumba cha mbele akisoma sala zake, nawe chumba cha nyuma ukisoma zetu, kama ilivyokuwa kwa mama yake na kwa bibi yake. Nilikaa pembeni nikafuata kila neno. Ilikuwa ajabu kuisikia Sala Ndefu ikisomewa maiti na mtu mwingine kwa mara ya kwanza tangu babu yako afe. Hiyo miaka yote mwenye kuisema nilikuwa mimi.

Sasa makosa yako. Ulianza kwa haraka, kama mtu anayewahi treni. Kifungu cha tatu ulipandisha sauti mahali pa kushusha. Na kuna jambo kubwa zaidi.

Katikati ya kifungu cha nne, baada ya jina la Bikira, ulikohoa. Nilidhani ni moshi wa ubani. Kifungu kinarudiwa mara tatu, na mara zote tatu ulikohoa palepale, kikohozi kilekile, kifupi, cha kukwama. Ndipo nikafahamu. Ni mimi. Desemba kila nilipofika pale uvimbe ulinikaba, nikakohoa, nikaendelea. Nawe ukakichukua pamoja na maneno, nami kwa kukohoa kwangu sikukusikia.

Binti wa Bibi Fude alinijia baadaye akinitazama shingo. Alisema, "Mzee Sakuzo, nilikuwa jikoni, nikasema jamani, amerudishiwa sauti."

Yasuaki, hicho si sala. Ni ugonjwa. Umemsindikiza marehemu kwa uvimbe wangu. Kitoe kabla hakijaota mizizi. Nitakungoja Obon na kijiti.

Baba yako,
Sakuzo

*

Fukuoka, 27 Mei

Baba, shikamoo.

Nilifika salama, ni mzima. Ya haraka na ya kifungu cha tatu nimeyakubali.

Kikohozi nimejaribu kukitoa. Nimejaribu kwenye ngazi, bafuni na kwenye treni. Nikikiruka, neno linalofuata haliji. Nabaki mdomo wazi kama samaki wa yule mwenzangu.

Halafu nikakumbuka kitu. Mwisho wa kila kifungu wewe huguna puani, mguno mmoja, kisha unavuta pumzi. Ulinifundisha hivyo, kijiti mkononi; nikiusahau, ta!, rudia. Desemba nilimwuliza Bibi Fude mguno ule unamaanisha nini. Alicheka hadi akashika ubavu. Alisema babu hakutoa kiko mdomoni hata wakati wa sala, na kila kifungu kilipoisha alikivuta kisizimike. Ule ni kiko, baba. Tumekuwa tukimsomea Mungu kiko cha babu, na wewe ulinipigia meza kwa ajili yake.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Sasa umepona, kwa hiyo nakuambia.

Kama yupo anayesikiliza, ameshawazoea. Kama hayupo, ninaowasikia ni nyinyi, mmoja anavuta kiko, mwingine anakohoa, na mimi nimepewa zamu. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo bila kudanganya. Mguno sitautoa. Kikohozi pia sitakitoa.

Nitakuja Obon. Msimamizi nimeshamwambia ni shamba.

Mwanao,
Yasuaki

*

Kuroura, 6 Juni

Yasuaki,

Sijambo.

Nimekaa na barua yako juma zima nikitafuta jibu la kiko. Sikulipata.

Basi kikohozi kibaki. Ila kikohoe vizuri. Mimi sikuwa nikikohoa kama mbuzi.

Baba