Ile Ndogo na Ile Kubwa

Usinipigie, siwezi kuongea.

Nimetoka kuziona zile pikipiki mbili za mbio, ya cc 400 na ya cc 1000. Si wewe uliyeniambia nisijiaibishe na ndogo? Basi sikia.

Anayeziuza ni mzee mmoja mpole, zote zilikuwa za mwanawe. Kubwa inanuka rangi mpya, na mimi na kiherehere changu hata sikuuliza kwa nini. Nikavaa helmeti ya huyo kijana, nikapanda kubwa, nikaipiga resi mpaka vioo vya madirisha vikalia.

Mke wa mzee akatoka jikoni mbio, mikono imejaa povu, anacheka. ANACHEKA!

"Umerudi, baba?"

Ananiambia mimi! "Umerudi, baba?"

Nikavua helmeti. Kicheko kikamfia mdomoni. Mzee akageukia ukutani.

Nilitaka ardhi inimeze. Yule mama akanishika mkono kwa povu lile lile, akanivuta mpaka kwenye ile ndogo, akafuta vumbi kwenye kiti kwa kiganja chake.

"Chukua hii, mwanangu. Hii alikuwa anarudi nayo."