Tanuki Aliyerudi Mlangoni Kwangu

Sayoko, umekaa? Kaa kwanza.

Yule tanuki wa udongo mwenye kitambi, sanamu ya mnyama wa bahati, ambaye Mitsue wa duka la ng'ambo aliniletea juzi nilipofungua mgahawa wangu wa tambi, ati aniitie wateja mlangoni! Leo nimempindua nimsafishe.

Chini kuna mwandiko WANGU. "Kwa Mitsue, heri ya duka jipya." Niliuchora mwenyewe miaka sita iliyopita, udongo ukiwa bado mbichi!

Nikavuka barabara, nikamuuliza mbele ya mteja wake mmoja. Hata haya hana! Akanijibu: "Tangu umlete, duka langu limedoda. Nimekurudishia mkosi wako."

Mkosi wangu! Shoga, mkosi WANGU!

Tanuki nimembwaga palepale mlangoni kwake. Uso wake nimeuelekeza mgahawani kwangu, ashuhudie wateja wanavyojaa.