Nani Aliwaita Mabaki

9 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa mke wa mtu. Nimeandika maneno hayo polepole ili niyafaidi. Natumaini u mzima, kifua kimetulia, na lile godoro lililobonyea katikati umeshalitupa. Mimi ni mzima kupita kiasi. Ndoa ina wiki tatu na bado nikiamka namtazama huyu mwanamume kama kitu nilichookota njiani, nahofia mwenyewe atakuja kukidai. Asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda kufunga kamba za viatu, nami najisingizia kutafuta kitana ili nimwone vizuri. Moyo wangu umekuwa wa kijinga sana, na sitaki upone.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu umeifungia. Uliifungia Jumapili ile, dakika mbili baada ya kunitumia picha ambayo hukukusudia niione. Ni picha ya harusi yangu, harusi ambayo wewe hukuja kwa sababu ya zamu. Usoni mwa mume wangu umechora mistari myekundu. Taya, mbili kati ya kumi. Paji, tatu. Nywele, sifuri. Urefu umeukadiria kwa fremu ya mlango uliokuwa nyuma yake, kwa makini kama fundi cherehani. Na chini yake: “Mabaki wenzangu, dada yangu kakubali hiki. Mpeni miaka miwili.”

Mume wangu alicheka kuliko mimi. Alisema taya lake lilistahili tatu.

Kisha nikawatafuta hao wenzako mtandaoni, nikawasoma Jumamosi nzima. Sijapata kuona wanaume wazima wakipimana pua kwa rula, halafu wakililia matokeo. Wanaviziana picha. Wanamtukana msichana aliyewapita kituoni bila kuwaangalia, na mwingine kwa kuwa aliwaangalia. Kuna mmoja ameandika kurasa arobaini kuthibitisha kwamba mwanamume mfupi haoi. Nilipokuwa nasoma, mume wangu alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Nikamwita, nikamwambia kisayansi yeye hayupo. Akauliza kama anaweza kumaliza vitunguu kwanza.

Na jina lenyewe. Mabaki. Nani aliwapa jina la kipumbavu namna hiyo? Mtu mwenye akili zake hajiiti chakula cha jana.

Toka huko, mdogo wangu. Tangu mama aondoke tumebaki wawili, na sitaki kukugawana na watu kama hao.

Dada yako (na mke wa mtu)

17 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinukia marashi, wapangaji wenzangu wamenicheka mlangoni. Kifua ni kizima. Godoro ni lile lile.

Picha ile ilikuwa ya kundi, si yako. Kwa kuituma vibaya, niwie radhi. Kwa yaliyoandikwa juu yake sikuombi radhi.

Hukuniuliza nilifikaje huko. Umeuliza tu jina. Nitakujibu hilo ambalo hukuuliza.

Nilipokuwa duka la vipuri nilikuwa naongea na watu sitini kwa siku, wanawake na wanaume, wanabisha, wanapatana, wanarudi. Duka likafa. Sasa watu wanaagiza vipuri kwa simu, na mimi ndiye ninayevitoa ghalani. Nimevishwa kitu sikioni. Sauti ya kike, ya mashine, inaniambia: safu ya kumi na nne, rafu ya tatu, boksi mbili. Nikimaliza nasema “tayari”. Hilo ndilo neno ninalomwambia mwanamke, mara mia nne kwa siku. Hatukatazwi kuongea na aliye safu ya pili, ila ukisimama kidogo sauti inakuuliza kama una tatizo.

Jengo ninaloishi lina vyumba arobaini na viwili. Najua jina la paka mmoja. Uwanja wa mpira uliokuwa nyuma umekuwa maegesho. Ukisimama popote kumsalimia msichana, unaonekana mwizi. Kwa hiyo nikaambiwa niingie kwenye ile programu ya kutafuta wachumba. Nilikaa miezi kumi na moja. Walijibu wawili. Mmoja alikuwa anauza bima. Wa pili aliuliza urefu wangu, nikamwambia, akaniaga kwa adabu sana.

Mabaki walinijibu siku ya kwanza, ndani ya dakika nne.

Kuhusu mumeo: ulifikisha thelathini na nne, ukachukua kilichokuwa karibu. Usiite hayo mapenzi.

Ndugu yako

21 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi kifua ni kizima, maana kichwa ni kibovu.

Walikujibu ndani ya dakika nne. Nzi nao wanawahi. Walikujibu haraka kwa sababu hawana pa kwenda, na wanataka na wewe usiwe na pa kwenda. Nimesoma huyo mmoja wenu alipoandika kwamba amepata rafiki wa kike kazini, wanakula pamoja mchana. Mlimshukia kama kuku waliomwagiwa mtama. Hakuna aliyemwambia hongera. Hiyo ndiyo familia uliyojitafutia.

Na ni kweli mume wangu alikuwa karibu. Alikuwa juu ya kichwa changu, kama mkono mmoja hivi. Nilikuwa nampelekea mteja miwani ghorofa ya sita, lifti ikakwama kati ya ya nne na ya tano, giza tupu. Akaja fundi. Akafungua mlango wa juu kidogo, akaanza kuniongelesha kupitia ule mwanya ili nisiogope, dakika hamsini. Aliniuliza miwani hiyo ni ya nani, ana macho ya namna gani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu kazi yangu na kungoja jibu. Nilimpenda kabla sijajua kama ana miguu. Kachoreni mistari juu ya hilo.

Usiniletee habari za upweke. Miaka sita nilikaa peke yangu, nikivisha watu miwani kutwa, vidole vyangu viko nyuma ya masikio yao, nao wananipita kwa macho wakijitazama kwenye kioo. Nilivumilia kwa heshima. Sikumpima mtu pua.

Chagua, hao au mimi. Usiniandikie mpaka uwe umetoka.

Dada yako

2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijatoka. Nakuandikia hivyo hivyo, soma au choma.

“Sikumpima mtu pua.” Nimetembea na sentensi hiyo mfukoni wiki sita, karatasi imelainika kama kitambaa.

Mwaka ule mama alipolazwa, uliniachia kompyuta yako nijaze fomu za kazi. Ulisahau ukurasa wazi. Kundi lenu mlikuwa mkiliita Sebule. Wanawake pekee, elfu tatu, wote mkisema hakuna mwanamume anayewaona, na wote mkicheka wanaume. Siku hiyo mlikuwa na mchezo: kila mmoja aeleze mwanamume wa karibu yake ambaye hakuna mwanamke atakayemtaka kamwe. Wengine walieleza mabosi wao. Wewe ulinieleza mimi.

Uliandika ninavyokula nimeinamia sahani kama mtu anayeilinda. Mabega yangu. Ninavyoanza sentensi mbele ya msichana nikashindwa kuimaliza. Uliandika vizuri, dada, siku zote ulikuwa na alama za juu katika insha. Ukamalizia: “Kama hawa ndio waliobaki, jamani, hawa si wanaume. Ni mabaki.” Watu mia saba walicheka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimaliza fomu, nikaifunga kompyuta, nikakupikia chai, nikakuletea.

Unauliza nani aliwapa jina. Niliwapa mimi. Kundi lilikuwa jipya, wanatafuta neno, nikawaambia ninalo moja. Walilipenda sana.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali, kwa hiyo nauliza yale madogo tu: unakula? Unapata usingizi?

Barua yako imekaa dukani karibu mwezi, kwenye droo ya fremu za watoto. Kila mtoto akija kupimwa macho naiona.

Ni kweli. Niliandika, na sikumbuki hata kusita. Nakumbuka kwamba walicheka, na kwamba usiku ule nilijiona mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Sebule. Kila mmoja wetu alikuwa anarudi nyumbani ambako hakuna anayemwuliza siku yake ilikuwaje, basi tunaingia pale na kumtafuta aliye chini yetu. Mimi sikuhitaji kutafuta mbali, ulikuwa chumba cha pili. Tulikuwa wapuuzi, mdogo wangu, wapuuzi wenye lugha nzuri, na hakuna aliyetoka pale akiwa na nafuu. Nilikudharau ili nisijidharau. Halafu nikaolewa, nikawadharau wenzako kana kwamba nimezaliwa nimeolewa.

Na sikutoka Sebule kwa akili. Nilitoka kwa sababu lifti ilikwama. Ingekuwa nzima siku ile, ningekuwa huko mpaka leo, na pengine wewe na mimi tungekuwa tunatukanana bila kujuana.

Nilimsomea mume wangu barua yako. Bado nampenda huyu fundi kwa namna ya aibu, lakini jioni ile sikuweza kumtazama. Aliuliza kitu kimoja tu: “Chai ile uliinywa?” Nikamwambia niliinywa.

Ile amri yangu ya kuchagua naifuta. Kaa huko ukitaka, andika ukitaka. Ila Jumamosi, tarehe sita Septemba, nitasimama kwenye lango la ghala lako saa kumi, zamu ikitoka. Nitakuja peke yangu. Sitaita jina lako. Ukinipita nitakuwa nimeelewa, na sitakufuata.

Nisamehe, kama kuna siku utaweza.

Dada yako

9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nakula. Usingizi kidogo.

Jumamosi nilikuona, nikakukwepa. Nilivaa kofia nikatokea upande wa malori, nikasimama nyuma ya gurudumu. Nilitaka nikuone ukichoka na kuondoka, nipate la kuwaambia wenzangu.

Zamu yetu ni watu mia mbili na ushee. Ulimtazama kila mmoja usoni. Hata wale ambao kwa umbo tu ulijua si mimi, hata yule mzee wa makontena anayeburuta mguu. Mmoja alikutania, sikusikia alichosema, ukamjibu, akavua kofia akacheka mpaka akasimama. Waliofuata wakaanza kurekebisha kola kabla hawajakufikia. Nimefanya kazi nao miaka miwili. Sikuwahi kuwaona wakitembea vile.

Ulikaa mpaka mlinzi akafunga lango, kisha ukamwuliza kitu, akatikisa kichwa, ukaondoka.

Juzi nililiandikia kundi jinsi ulivyosimama pale. Wakaniambia ulikuwa unatafuta wa kumpeleka nyumbani. Nikaanza kuwajibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Sijatoka, usianze kushangilia. Wala sijakusamehe.

Njoo Jumamosi hii. Nitatoka wa mwisho. Usinikumbatie mbele ya watu.

Mdogo wako