Mwaka Niliopumzisha Shamba la Juu

Jumatatu, 2 Septemba 1968
Nachagua mbegu za maharagwe tangu asubuhi. Mgongo unauma. Monitere wa kilimo, yule afisa anayefundisha wakulima, amepanda kutoka Masisi na viatu vyake vya kung'aa. Habari yake: serikali itatoa prime, pesa za kututia moyo, kwa mwenye shamba atakayepumzisha mteremko wake na kupanda nyasi za kuzuia udongo. Enzi za Wabelgiji tulichimba mitaro kwa kuchapwa fimbo. Sasa tunalipwa tuweke jembe chini. Nimecheka, halafu nimekubali. Shamba la juu, nililoachiwa na marehemu mume wangu Yozefu, linashuka na kila mvua. Acha lipumue.

Alhamisi, 17 Oktoba
Wenzangu wanapanda. Mikono inaniwasha. Nyasi zimeshika vizuri. Andrea amepita njiani na kuangalia juu. Ni kaka mkubwa wa Yozefu, msimamizi wa ardhi ya ukoo.
"Mama Furaha, jembe yako iko mugonjwa?"
Nimemwambia serikali inalipa. Hakuuliza zaidi. Sipendi mtu asiyeuliza.

Jumanne, 25 Februari 1969
Msimu wa pili na shamba la juu bado limelala. Mimi na binti yangu Furaha tunakula shamba la chini peke yake. Sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Mtoto amekonda, na mimi namdanganya kwamba nimeshiba. Prime itatoka Goma, asema monitere. Itatoka lini, hasemi. Lakini maji ya mvua yanashuka bila matope. Hilo limenifurahisha, basi.

Jumatano, 18 Juni
Ng'ombe. Shamba la juu limejaa ng'ombe wa tajiri mmoja wa Mushaki. Wanakula nyasi nilizopanda.

Alhamisi, 19 Juni
Nimekwenda kwa Andrea. Amekaa na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi aliyoletewa na tajiri huyo. Hakunikaribisha kiti. Kwetu shamba lisiloguswa na jembe misimu miwili hurudi kwa ukoo. Najua. Kila mtoto wa hapa anajua. Nilidhani neno la serikali lina uzito kuliko hilo.
"Serikali njo ilikupatia ile shamba?" ameniuliza. "Uliiacha, mama. Nimeipatia muntu mwenye anaitaka."
Nimemwita mwizi mbele ya mke wake. Nimelia njia nzima. Namchukia. Najichukia zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti
Monitere ameleta prime. Amekuta mavi ya ng'ombe. Masharti: nyasi ziwe zimesimama, na anayelipwa awe mwenye shamba. Mimi si mwenye shamba tena. Amefunga mkoba wake.
"Pole, mama. Mungeniambia desturi yenu."
Angeuliza! Halafu, bila haya, amewauliza majirani nani mwingine anataka kujiandikisha. Kila mtu amekumbuka ana kazi nyumbani.

Jumamosi, 27 Septemba
Mvua kubwa jana. Ukiacha pale penye ng'ombe, kilima chote kimelimwa mwaka huu, hata kwenye mawe, hata mahali mbuzi huteleza. Hakuna anayethubutu kupumzisha. Udongo wa juu umefika mlangoni kwetu. Furaha ameufagia.
Shamba la chini tumemaliza kulilima. Kilibaki kipande kidogo kando ya kaburi la Yozefu, ambacho sikuwahi kukigusa. Nimekilima pia. Nimepanda maharagwe.